Ndege ya Clive na Daftari la Keki

Mara ya kwanza injini ya kushoto ilipozimika angani, Neville Pascoe alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, akinisimulia habari za mbwa wake. Mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma yake nafuma soksi, na mikono hiyo niliiona.

"Merle," akasema, "nimegusa kitu?"

"Hujagusa."

"Mbona imezima?"

Akaitua ndege kwa injini moja, akavua kofia, akaanza kuzitazama swichi moja moja kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ndege yenyewe haiendi popote. Iko kwenye banda nyuma ya ukumbi wa kanisa letu hapa Wirrabilla. Marehemu mume wangu, Clive, aliijenga kwa miaka minne, kwa mbao, kompyuta, vioo vitatu vikubwa vya kuonyeshea picha na viti viwili vya gari lililogongwa na kangaruu. Ukiwa nje unaona banda la mabati. Ukikaa kwenye kiti ukatazama mbele, uko ndani ya ndege ya injini mbili, ardhi yetu nyekundu inapita chini yako. Wazee wa banda hawapendi kabisa uiite mchezo. Mchungaji aliwahi kuiita hivyo kwenye matangazo, na kwa mwezi mzima wanaume wanne walisinzia kwenye mahubiri yake kwa makusudi.

Clive alipofariki, ndege aliwaachia hao wanne, na ufunguo akaniachia mimi. Kwa hiyo mimi ndiye ninayefungua, ninayefagia, ninayechemsha chai na kukaa kwenye lile benchi hadi wamalize. Jumatatu huruka Lindsay Oates, aliyekuwa mwalimu mkuu na bado huongea kana kwamba kengele ya kumaliza gwaride haijalia. Jumanne ni zamu ya Mfupi. Jina lake Ross, alikuwa fundi wa nyaya za simu, na tunamwita Mfupi kwa sababu ilibidi Clive akate tundu kwenye paa la ndege ili kichwa chake kipate pa kukaa. Jumatano ni Vince Galea, aliyekuwa na bucha. Hao watatu huruka robo saa, wanazunguka mji mara moja, wanarudi kwenye chai.

Alhamisi ni ya Neville. Ana miaka themanini na miwili, na kati yao wote ni yeye tu aliyewahi kurusha ndege ya kweli. Miaka thelathini na moja alipeleka barua kwenye mashamba ya kondoo huko ndani, na kila Alhamisi hupita njia ile ile ya zamani, vituo sita, karibu saa mbili, akiwasalimia kwa majina watu waliokwisha zikwa.

Sasa niseme habari ya keki. Sheria aliiweka Clive. Anayetua vibaya huandika jina lake mwenyewe, tarehe na sababu, kwenye daftari linaloning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na Ijumaa, wote wanapokutana, huleta keki aliyoioka kwa mikono yake. Keki ya dukani haikubaliki, na ya mke haikubaliki vilevile. Clive alidhani itawatia adabu ya kutua taratibu. Kumbe iliwafundisha adabu ya kutoandika. Tangu tumzike, daftari lilikuwa na jina moja tu, tena kwa mwandiko mmoja: Neville, Neville, Neville, mara kumi na tisa. Keki zake zilikuwa nzito na zimebonyea katikati, lakini tulikula.

Alhamisi ya pili betri ilikufa. Ya tatu, gurudumu la kushoto lilipasuka ndege ilipogusa tu ardhi. Ya nne, oili ilivuja hadi mshale ukalala. Kila mara ni mikononi mwa Neville, na kila mara ni baada ya kituo cha pili au cha tatu.

Lindsay akaitisha kikao.

"Waheshimiwa," akasema, nao walikuwa Vince, Mfupi, mimi na sahani ya biskuti, kwa kuwa Neville alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, "tuna hitilafu. Tufuate utaratibu."

"Panya," Vince akasema. "Panya wanapenda nyaya."

"Umeme wa birika," Mfupi akasema. "Merle anachemsha chai, ndege inakosa nguvu. Nimefanya kazi ya nyaya miaka arobaini, najua ninachosema."

Basi chai ikapigwa marufuku wakati wa kuruka. Panya wakategewa mitego mitatu, ikanasa kidole gumba cha mguu wa Lindsay, aliyekuwa amevaa kandambili. Mfupi akajilaza chini ya meza ya kompyuta na taa kichwani, miguu yake ikatokeza mlangoni, akang'oa nyaya zote akazirudisha. Alipomaliza, swichi ya taa za kutulia ilikuwa inawasha feni ya ukumbini, na akina mama wa kwaya wakapeperushiwa karatasi za nyimbo katikati ya mazoezi.

Alhamisi iliyofuata, kituo cha tatu, injini ya kushoto ikazima tena. Hapakuwa na chai, na panya hatukumwona.

"Sasa mimi nasema lililo wazi," Vince akasema kwenye kikao kingine, akiwa ameinamia kikombe. "Jumatatu hadi Jumatano hakuna tatizo. Tatizo ni Alhamisi. Alhamisi ni nani?"

"Usiseme hivyo, bwana," Mfupi akasema.

"Nasema nini? Nimetaja siku tu."

"Mzee amechoka," Lindsay akasema polepole. "Anazima vitu bila kujua. Daftari la keki si mnaliona wenyewe? Mara kumi na tisa. Sisi wengine hatumo."

Nikasubiri mmoja wao acheke. Hakuna aliyecheka. Nikamimina chai.

Jumapili baada ya ibada Lindsay alimpigia simu Jillian, binti wa Neville, anayeishi Newcastle, mbali pwani. Nadhani nia yake haikuwa mbaya. Alimwambia baba yako anasahau, tunaogopa siku moja atasahau jiko. Jillian alikuwa na mipango yake tayari: chumba katika makao ya wazee karibu na kwake, safi, chenye kengele ukutani. Mbwa hawaruhusiwi. Akamwambia baba yake anakuja Alhamisi, atakaa na kumtazama akiruka njia yake yote. Neville akifika mwisho, atabaki nyumbani kwake. Asipofika, atatia saini karatasi za kuhamia huko. Na Neville akakubali, hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu na yeye alikuwa ameanza kujitilia shaka.

Jumatano mchana alikuja jikoni kwangu. Alikuwa ameandika hatua za kuwasha injini kwa kalamu kwenye kiganja, na jasho lilikuwa limezifuta nusu.

"Niambie kweli, Merle. Wewe huwa unaangalia. Nimeanza kupotea?"

"Nitaomba," nikamwambia.

"Najua utaomba. Nimeuliza umeona nini."

Nikamkatia mkate, nikamwambia ale kwanza. Alipoondoka nilitoa daftari langu la maombi. Ninalo kwa sababu kichwa hakibebi kila kitu, na nikipiga magoti napenda kumtajia Mungu jambo lenyewe, nisimpigie domo la jumla. Ninachokiona mchana nakiandika kwa jina na siku, halafu nakiombea. Daftari hilo halijawahi kusomwa na mtu. Nikarudi nyuma majuma sita, nikasoma yote kwa mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kabla, maana nikishaomba sirudii.

Nikalifunga daftari. Halafu yakanijia maneno ya Clive, siku zake za mwisho, akiwa na dawa za maumivu. Aliniambia, "Ndege hii inakumbuka, Merle. Siku moja itawasema." Nikadhani ni dawa inaongea.

Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Lakini nimefulia watu nguo miaka mingi, na najua mtu ambaye suruali imepasukia mwilini mwake mara nyingi siye aliyeichakaza.

Alhamisi asubuhi niliwakuta wale watatu bandani mapema, wamechana nywele kama watu waendao mazishini. Chai ilikuwa imesamehewa siku hiyo. Nikawamiminia, nikalitoa daftari la keki kwenye msumari, nikaliweka mezani na penseli juu yake.

"Kuna mtu mwenye jambo la kuandika, kabla Jillian hajafika?"

Lindsay akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mfupi akatazama dari, naye hana safari ndefu kuifikia. Vince akasema biskuti za leo ni tamu.

"Haya," nikasema, nikalirudisha msumarini.

Jillian aliingia na mkoba wenye zile karatasi kifuani. Ni mwanamke mwema, mwembamba, macho mekundu ya kuendesha gari mwendo mrefu. Akasimama mlangoni akilisoma lile daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Nikaona mdomo wake unakaza. Akaja kukaa nami kwenye benchi.

"Zote hizo ni za baba?" akaninong'oneza.

"Ni zake."

Neville akawasha injini. Hakutazama kiganja hata mara moja. Akaondoka ardhini vizuri, akafika kituo cha kwanza, akamsalimia marehemu Bi Hathaway na kumpa pole ya mafuriko ya mwaka ule. Kituo cha pili akatua laini kabisa. Jillian akaanza kupumua.

Tukiwa njiani kwenda cha tatu, taa nyekundu ikawaka. Halafu ya pili. Injini ya kushoto ikaanza kutetemeka, na kiti cha Neville nacho kikatetemeka, maana Clive alikuwa amekifunga mota ya mashine ya kufulia.

"Jenereta," Neville akasema kwa sauti ndogo. "Sijaigusa. Jamani, nimeigusa?"

"Maskini," Lindsay akanong'ona nyuma yangu.

Jillian akafungua mkoba.

Kwenye ndege ile ninajua kitufe kimoja tu. Ni cha kusimamisha kila kitu. Clive alinifundisha ili niweze kumwita kula bila yeye kuanguka. Nikainuka, nikapita katikati ya viti, nikakibonyeza. Injini zikanyamaza, mawingu yakasimama, ndege ikabaki imening'inia juu ya vichaka.

"Merle?" Neville akasema.

"Subiri kidogo, Neville. Nina maombi."

"Sasa hivi?" Vince akauliza.

"Sasa hivi. Vueni kofia."

Wakavua, kwa mazoea. Nikalitoa daftari kwenye mfuko wa aproni, nikavaa miwani, nikasoma kama yalivyoandikwa.

"Jumatatu, tarehe tatu. Ee Bwana, mkumbuke Lindsay. Leo alishusha vile vibao vya nyuma ya mabawa angali na mwendo mkali, kikalia kitu kama mti unaovunjika, taa nyekundu ikawaka, naye akaifunika kwa kofia yake hadi akamaliza. Mpe moyo wa ukweli."

Nikafunua.

"Jumanne, tarehe nne. Ee Bwana, mkumbuke Ross tunayemwita Mfupi. Ametua kwa kishindo, kikombe changu kikadondoka, ndege ikaruka tena juu mara mbili kama chura. Akasema ni upepo. Jumatano, tarehe tano. Mkumbuke Vince. Amekwenda chooni na gazeti, injini zinanguruma kwa nguvu zote ndege ikiwa imesimama, dakika ishirini na mbili, hadi moshi ukaonekana kiooni. Aliporudi akazima kompyuta, akaniambia leo hali ya hewa haifai."

"Ilikuwa haifai," Vince akasema.

"Jumatano, tarehe kumi na mbili. Vince tena. Ameondoka kwenda nyumbani bila kuzima betri. Jumatatu, tarehe kumi na saba. Lindsay, vibao vya mabawa tena, na kofia tena. Ee Bwana, ile kofia."

Hapo Mfupi akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, akageukia ukuta, mabega yakawa yanaruka. Lindsay alikuwa mwekundu kama tofali.

"Merle, hayo ni mambo ya siri kati ya mtu na Mungu wake," akasema.

"Ndiyo. Na Mungu amekuwa akisubiri muombe msamaha majuma sita. Leo nimeona Jillian ana karatasi."

Neville alikuwa amegeuza kiti chake. Alinitazama mimi, akawatazama wao, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Ukawa uso wa rubani.

"Ngoja," akasema. "Kwenye ndege ya barua tulikuwa na kitabu cha kasoro. Ukiivunja, unaandika. Anayekufuata anasoma kabla hajawasha. Usipoandika, umemuua mwenzako. Sasa hii ya Clive, kasoro zinabaki? Ukizima kompyuta hazifutiki?"

"Clive aliniambia inakumbuka," nikasema.

"Inakumbukia wapi?"

Mfupi akajifuta macho, akakaa kwenye meza ya kompyuta. Neville akasimama nyuma yake, akinyoosha kidole. "Hapo pembeni. Kile kipicha cha spana ni cha nini?"

"Ah, hilo ni tangazo," Mfupi akasema. "Wanauza vifaa."

"Umewahi kubonyeza?"

"Nibonyeze tangazo nikaletewe vifaa?"

"Bonyeza, bwana."

Akabonyeza. Ikatokea picha ya ndege yote kutoka juu, na karibu yote ilikuwa nyekundu. Pembeni kulikuwa na orodha. Neville akaisoma kwa sauti, nami nikafuata kwa kidole kwenye daftari la maombi, na vikawa vinaitikiana kama wimbo wa kwaya. Vibao vya mabawa vimepinda: Lindsay. Miguu ya kutulia ina nyufa, matairi yameisha: Mfupi. Injini ya kushoto imeungua, betri imechoka: Vince. Jenereta tulibishania kidogo, Vince akakubali kuibeba na yenyewe.

"Nyinyi mnaruka robo saa," Neville akasema. "Kitu kilichopasuka kinavumilia robo saa. Mimi naruka saa mbili, kinanifia mimi."

"Na hapa chini kuna kitufe," Mfupi akasema polepole. "Kimeandikwa *Tengeneza vyote*."

"Umelala chini ya hiyo meza majuma mawili," Vince akamwambia.

"Najua nimelala."

"Umewasha feni ya kwaya."

"Nimekwambia najua, Vince."

Akakibonyeza. Nyekundu yote ikageuka kijani, hivyo tu, kwa muda wa kupiga chafya.

Jillian alikuwa bado kwenye benchi, mkoba wazi. "Baba, basi anza upya," akasema. "Nitasubiri."

"Tuanze upya vipi? Ndege iko angani na barua ziko ndani." Akarudi kwenye kiti, akajifunga mkanda. "Merle, iachilie."

Nikakibonyeza kitufe changu. Mawingu yakatembea, injini zote mbili zikaanza kuimba sawasawa. Kituo cha tatu, cha nne, cha tano. Vince alitaka kwenda chooni, akaona haya, akabaki. Cha sita ni Wirrabilla hapa hapa. Neville akaileta ndege chini jua la mchana likimpiga usoni, magurudumu yakagusa, yakainuka kidogo, kiasi cha upana wa mkono, yakagusa tena, ikasimama.

Kwa kweli ningekuwa nimeinamia soksi nisingejua. Wale watatu walipiga makofi.

Neville hakupiga. Akazima injini, akazima betri, akaigusa kila swichi kwa kidole hadi ya mwisho. Akaenda mlangoni, akachukua penseli, akaandika jina lake.

"Unaandika nini?" Jillian akamuuliza.

"Iliruka ilipogusa ardhi."

"Baba, hakuna aliyeona."

"Mimi nilikuwa nimekaa ndani yake."

Jillian akalichukua daftari kutoka mkononi mwake, akazitazama tena zile kurasa za Neville, Neville, Neville. Safari hii alizisoma kwa muda mrefu zaidi. "Hizi zote umejiandika mwenyewe," akasema. "Tarehe unakumbuka. Sababu unakumbuka."

"Nani mwingine angeandika?"

Akafunga mkoba, akanipa niushike, akamwambia baba yake anataka kumwona mbwa. Nikauweka ule mkoba juu ya kabati la vikombe. Alirudi Newcastle bila kuuulizia, nami sikumkumbusha.

Lindsay alibaki nyuma wengine walipotoka. Alisimama mbele ya daftari la keki muda mrefu, kisha akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, mara saba. Sikuwa nimemwandika mara saba kwenye langu. Tatu nilikuwa nimepitwa.

"Nitampigia Jillian niombe radhi," akasema bila kunitazama.

"Yuko kwa baba yake, nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Basi nitakwenda kwa miguu." Akachukua kofia yake, akaitazama kidogo, akatoka nayo mkononi.

Na mimi sikuwa na raha yote. Maombi ya mtu si matangazo ya ukumbini, na nilipokuwa nasoma ile ya kofia mara ya pili, nilisikia utamu ambao haukutoka kwa Bwana. Nikachukua penseli nikaandika jina langu chini ya la Lindsay.

Ijumaa, Mfupi na Vince wakiwa nao wamejiandika, kulikuwa na keki tano mezani, na yangu ikiwemo. Ya Mfupi ilikuwa imeungua upande mmoja, kwa sababu, alisema, nyaya za jiko lake zina hitilafu, na hakuna aliyetaka kuendelea na mazungumzo hayo. Ya Vince ilikuwa na harufu ya soseji. Lindsay alileta moja kubwa ya nazi na chokoleti, akaikata vipande sawa kabisa kwa rula, akatangaza kuwa zilizobaki sita ataleta moja kila juma. Mbwa wa Neville alipewa kipande akakinusa, akakiacha, akaenda kulala chini ya meza, penye ile ya Vince.

Jillian alikula ya baba yake, iliyobonyea katikati, vipande viwili. Kisha akauliza kama anaweza kukaa kwenye kiti cha ndege kidogo tu, ajaribu. Neville akamfundisha. Alitua kama mtu anayetupa gunia la viazi kutoka kwenye lori, kikombe changu kikadondoka tena, na sote tukamgeukia.

"Ulikuwa upepo," Jillian akasema.

Mfupi akanyoosha mkono wake mrefu hadi mlangoni, akamletea penseli.